Kadi za Wamarekani mu simu ya mtoto wa Masisi



Mu magrupu ya WhatsApp ya wanafunzi wetu wa medesini kunapita faili moja nzito. Mmoja anaipata kwa rafiki wa Kampala ao Bujumbura, anaipitisha kwa wa pili, wa tatu anaomba wamwekee ku kadi ya memori juu mega zake zimeisha, na nyuma ya wiki mbili promosyo nzima iko nayo. Ndani mna kadi zaidi ya 25,000: upande mmoja swali, upande wa pili jibu. Programu yenye kuzifungua inaitwa Anki. Kila asubuhi inakuonyesha kadi za siku. Unajibu kichwani, unageuza, unasema kama ulijua ao hapana, na yenyewe inapiga hesabu lini ikurudishie ile kadi: kesho, nyuma ya siku nne, nyuma ya miezi mitatu. Njo kurudilia kwa vipindi.

Mimi si mganga. Niko na lisansi ya agronomia, kazi yangu ni migomba na maharagi. Lakini mdogo wangu wa kike anasoma medesini Goma, na ndugu wengine wa ukoo, wa Masisi na wa Walikale, wako ku njia ile ile. Kwa miezi kadhaa nimefungua zile kadi pamoja nao, moja moja, kama vile mtu anasoma kitabu ili akitolee maoni. Maoni yangu ni haya: namna yenyewe ya kusoma ni nzuri, tena nzuri kuliko vile wengi wanafikiri. Faili haikuandikwa kwa ajili yetu, na mwenye kuimeza nzima anatumikia mtihani ambao hatauona kwa macho.

Nianze na kilicho kizuri, juu wengi wanaocheka hii namna hawajui ilitoka wapi. Mwaka 1885 Mjerumani mmoja, Hermann Ebbinghaus, alitoa kitabu juu ya kumbukumbu. Hakuwa na wanafunzi wa kupima, alijipima mwenyewe. Alijifundisha orodha za silabi zisizo na maana yoyote, akaacha wakati upite, akajifundisha tena orodha zile zile na kuhesabu ni kazi kiasi gani amepunguziwa. Nyuma ya saa moja alikuwa anaokoa pungufu ya nusu ya kazi, nyuma ya siku moja kama theluthi, nyuma ya mwezi kama sehemu moja ya tano. Angalia vizuri hizo hesabu: sehemu kubwa inapotea siku ya kwanza, kisha upotevu unakwenda polepole. Na kila mara unarudilia kwa wakati wake, ule mteremko unapunguka ukali. Mwaka 1972 mwandishi Sebastian Leitner akaligeuza jambo hilo kuwa sanduku la karatasi lenye vyumba. Mwaka 1987 Piotr Woźniak, mwanafunzi wa Poland, akaiandikia programu ya kompyuta, SuperMemo. Anki ya Damien Elmes ilikuja 2006, na jina lake ni neno la Kijapani la kushika mambo kwa kichwa. Ku simu za Android haiombi hata faranga moja. Ku iPhone unalipa, lakini wangapi kati yetu wako na iPhone?

Kuna jaribio moja ambalo ningependa libandikwe ku mlango wa kila oditwari. Mwaka 2006, Wamarekani wawili, Roediger na Karpicke, waligawanya wanafunzi mu makundi. Kundi moja lilipewa vipindi vinne vya kusoma andiko moja. Lingine lilipewa kipindi kimoja cha kusoma, kisha vitatu vya kujipima: karatasi tupu, uandike yote unayokumbuka bila kuangalia. Walipopimwa nyuma ya dakika 5, wale wa kusoma mara nne walishinda, asilimia 83 kwa 71. Nyuma ya wiki moja mambo yaligeuka: wao 40, wale wa kujipima 61.

Sasa fikiria blokisi yetu. Usiku wa mwisho, silabusi ya kurasa 180, miguu mu beseni ya maji baridi ili usingizi usikushike, tochi ya simu mdomoni juu umeme umekatika. Asubuhi unaandika, unapata 13 kwa 20, unapiga simu nyumbani na mama anashukuru Mungu. Nani anakuja kukupima nyuma ya wiki moja? Hakuna. Njo maana tunaamini kama blokisi inafanya kazi. Sisi ni wale wa dakika 5.

(Mtu wa kitalu angekuambia ile ile kwa maneno mengine. Maji ya wiki nzima huyamwagi yote siku ya Jumatatu. Yanapita chini ya mizizi yanakwenda zake, na siku ya Alhamisi miche imelala.)

Kuna wasomi wanaosema kukariri ni mambo ya zamani, kila kitu kiko ku intaneti, daktari wa leo anatafuta tu. Ni maneno ya mtu wa mjini. Walikale ni teritwari kubwa kuliko zote za Kivu ya Kaskazini. Ukubwa wake hauko mbali sana na Rwanda nzima. Sehemu kubwa ni msitu, njia ni udongo, na kuna vituo vya afya ambako ili upate rezo inabidi upande kilima. Mtoto wa kilo 12 analetwa saa nane ya usiku, mwili moto, anakakamaa, macho yamegeuka. Artesunate ya sindano iko. Chini ya kilo 20 ni miligramu 3 kwa kila kilo, kufika kilo 20 na kupita ni 2.4. Ya kwanza sasa hivi, ya pili nyuma ya saa 12, ya tatu nyuma ya saa 24. Kwa huyu mtoto ni miligramu 36. Hautapanda kilima kutafuta ile hesabu.

Ao chukua kipindupindu, ugonjwa ambao sisi watu wa Kivu hatuhitaji kuelezwa. Mgonjwa amekauka kabisa, hawezi kunywa. Ringer lactate mililita 100 kwa kila kilo: mwenye mwaka mmoja ao zaidi, 30 za kwanza kwa nusu saa na 70 zinazobaki kwa saa mbili na nusu; mtoto chini ya mwaka mmoja, 30 kwa saa moja na 70 kwa saa tano. Ni hesabu nne tu. Mwenye kuwa nazo kichwani anafanya kazi, asiye nazo anabahatisha.

Kwa hiyo mimi siko mu kambi ya wale wanaodharau kukariri. Mwanafunzi wa Boston, kama amesahau, mfukoni mwake mna simu yenye rezo, na ku mlango wa pili kuna mtaalamu anayejua kuliko yeye. Wetu wa Walikale hana hayo yote mawili. Hii namna ya kusoma inamfaa yeye kuliko inavyomfaa yule wa Boston.

Shida ni kama yeye anabeba kadi za yule wa Boston.

Ile faili ilitungwa kwa ajili ya mtihani wa Wamarekani wa kupata ruhusa ya kuganga. Hatua yake ya kwanza ni maswali 280 kwa siku moja, yote ya kuchagua jibu. Tangu Januari 2022 matokeo ya hatua ile ni kupita ao kuanguka tu, bila pointi. Ni mtihani mzuri kwa nchi yake. Lakini angalia ni nini kimejaa ndani ya kadi. Mdogo wangu anajua ugonjwa wa Lyme kama anavyojua jina la baba yake: kupe, alama nyekundu ya mviringo ku ngozi, dawa ya kwanza, dawa ya pili. Lyme ni mji mdogo wa Connecticut. Anajua kuvu ya majangwa ya Arizona na California. Anajua kama histoplasma inapatikana mu mabonde ya mito Ohio na Mississippi. Nikamuuliza: na sisi? Akanyamaza. Kumbe Afrika iko na yake, aina ya duboisii, yenye kupenda ngozi na mifupa, na Kongo ni moja ya nchi ambako imeonekana. Kadi ilimfundisha Mississippi.

Malaria iko ndani, sikatai. Lakini mgonjwa wa malaria mu maswali yale, mara nyingi, ni msafiri aliyerudi nyumbani kutoka Afrika. Daktari anamuuliza: ulitembea wapi? Swali hilo kwetu ni kichekesho. Mgonjwa wako wa malaria hakutembea popote, na pengine wewe mwenyewe uko nayo wakati unamsikiliza. Kazi yako si kukumbuka kama malaria iko duniani. Kazi yako ni kujua lini homa hii si malaria, hata kama kipimo kimesema ndiyo, juu hapa kipimo kitasema ndiyo kwa watoto wengi na mtoto mwenye malaria anaweza pia kuwa na ugonjwa wa uti wa mgongo. Kadi ya kunifundisha hiyo sikuiona.

Konzo nayo tuliitafuta ndani ya faili tuliyo nayo, hatukuipata. Konzo ni neno la kwetu Kongo, la Kiyaka cha kule Kwango, na ulimwengu mzima wa sayansi unalitumia bila kulitafsiri. Miguu inakakamaa ghafla, mara nyingi kwa watoto na kwa mama wa umri wa kuzaa, na haiponi. Inatoka ku sumu ya muhogo mchungu uliotayarishwa haraka haraka: njaa, ukame ao vita vinafanya watu wapunguze siku za kuloweka. Hapo mimi mtu wa shamba na mdogo wangu wa medesini tunakutana ku meza moja. Mimi nilisoma muhogo mchungu na siku za kuloweka, yeye alisoma mishipa, na hakuna silabusi iliyotuweka pamoja. Ndani ya faili ya Wamarekani haitakaa iingie, na haina sababu ya kuingia, mtihani wao hauiulizi.

Nimekwisha sikia jibu: «Unataka kutufungia mu kijiji? Sayansi ni ya dunia yote.» Hapana. Moyo unapiga namna moja Masisi na Chicago. Kadi za anatomia, za fiziolojia, za namna dawa inavyofanya kazi mwilini, chukua, nyingi zimeandikwa vizuri kuliko silabusi zetu za fotokopi ya fotokopi. Na mwenye mpango wa kwenda kufanya mtihani ule wa Marekani, ile ni faili yake, aisome yote bila haya. Ninasema na yule mwingine, mwenye atakuwa Kibua ao Nyabiondo nyuma ya miaka michache. Kwa mwendo wa kadi mpya 20 kwa siku, ambao ndio programu inaanza nao, kadi 25,000 ni siku 1,250. Miaka mitatu na miezi mitano, bila kuruka hata Noeli. Maisha ya mwanafunzi hayana miaka mitatu ya kutupa.

Lakini neno langu kubwa juu ya hizi kadi si jiografia. Ni kwamba hazizeeki machoni.

Nitoe mfano wa shamba langu. Ugonjwa wa kunyausha migomba, wenye wengine wanaita kirabiranya, ulionekana kwetu Masisi mwaka 2001, mwaka ule ule ulipoonekana Uganda. Kabla ya hapo ulikuwa umejulikana Ethiopia tangu miaka ya 1960. Silabusi yangu iliita bakteria yake Xanthomonas campestris, na mimi nililishika jina hilo vizuri. Karibu mwaka 2020 wataalamu waliihamisha, sasa ni Xanthomonas vasicola. Mkulima wa Masisi haimhusu, nakubali. Yeye anataka kujua kama avunje ua dume kwa kijiti badala ya kulikata kwa panga, na kama apitishe panga ku moto kabla ya kugusa mgomba mwingine. Lakini fikiria jambo hilo kwa dawa.

Mwaka 2010 yalitoka matokeo ya jaribio lililofanywa mu nchi tisa za Afrika, Kongo ikiwa ndani, kwa watoto 5,425 wenye malaria kali. Waliopewa artesunate walikufa asilimia 8.5, waliopewa kinini walikufa 10.9. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likasema artesunate iwe ya kwanza kwa watoto pia. Ao Ebola: mpaka 2018, wakati ugonjwa ulitangazwa Kivu ya Kaskazini siku ya 1 Agosti, jibu sahihi la mtihani lilikuwa kwamba hakuna dawa yenye kuhakikishwa. Agosti 2019 jaribio lililofanywa hapa hapa kwetu, Beni, Butembo, Katwa na Mangina, likaonyesha dawa mbili zenye kupunguza vifo, moja yake ikiwa imetoka ku damu ya mtu wa Kikwit aliyepona Ebola ya 1995. Jibu sahihi likageuka kuwa kosa, na lililigeuzia hapa jimboni kwetu.

Sasa angalia programu inafanya nini. Kadi unayoikosea inarudi kesho. Kadi unayoijua vizuri inasukumwa mbali: mwezi, miezi minne, mwaka. Maana yake kosa ambalo umelishika vizuri njo hautaonyeshwa tena. Siku ulilijibu haraka na kwa furaha, programu ilikupongeza na ikalizika. Hesabu ya Woźniak na hesabu mpya zaidi zilizokuja nyuma yake zinapima kitu kimoja: kama unakumbuka kilichoandikwa. Kama kilichoandikwa ni kweli, hazijui. Mu mikono ya Wamarekani hasara hiyo inapunguka, juu wako watu wanaosahihisha ile faili kila wakati. Ile yetu ilitoka ku kadi ya memori ya mtu. Ni ya mwaka gani? Niliuliza watu sita. Hakuna aliyejua.

Kuna jambo la tatu, na hili nalielekeza kwetu wenyewe na kwa walimu wetu. Kadi nyingi ni sentensi yenye pengo: neno moja limefichwa, wewe unalitaja. Nilifanya mchezo na binamu yangu mmoja. Alikuwa anajibu kadi za dawa za shinikizo la damu kwa mwendo wa mashine. Nikachukua kadi tano alizojibu bila kosa, nikauliza jambo lile lile kwa maneno yangu, tena kwa Kiswahili: mama huyu iko na mimba ya miezi sita, presha iko juu, dawa gani kati ya hizi utaiacha ku kabati na kwa nini? Alijua moja kati ya tano. Hakuwa amejua dawa. Alikuwa amejua umbo la sentensi, urefu wake, neno la kwanza. Jicho linaona sentensi, mdomo unajaza pengo, akili imelala. Woźniak mwenyewe, mwenye kutunga programu ya kwanza, alipoandika mwaka 1999 kanuni zake 20 za kutengeneza maswali, kanuni ya kwanza ilikuwa usikariri kitu ambacho hukielewi. Watu wamechukua mashine yake wakaacha kanuni yake.

Lakini tusimlaumu mwanafunzi peke yake. Mitihani yetu mingi inaomba nini? «Taja. Toa maana. Orodhesha.» Kuna walimu wanaokata pointi kama umebadilisha neno moja mu maana waliyoisomesha, hata kama ulichoandika ni sawa. Mbele ya mtihani wa namna ile, mwanafunzi mwenye akili anatia maneno ya mwalimu ndani ya kadi, anayameza, anapata 16, anaitwa distenkisyo. Amefanya hesabu yake vizuri. Namna hii ya kusoma ni kama mbolea: inalisha kilichopandwa, na kama ulipanda magugu yatanenepa. Siku tutauliza wanafunzi mambo ya mgonjwa mbele ya macho, kadi zao zitabadilika zenyewe bila mtu kuandika makala.

Na vita. Siwezi kuandika juu ya kusoma Masisi bila kuvitaja. Vilifika Masisi-Centre mwanzo wa Januari 2025, Goma mwisho wa mwezi ule ule, Walikale-Centre mwezi wa tatu. Watu walikimbia na watoto mgongoni, nani alibeba chaja? Mdogo wangu alikaa siku nyingi bila kufungua simu kwa kazi ya masomo. Alipoifungua, programu ilimwandikia idadi moja: kadi 1,260 zinamngojea. Hakuna neno lingine, hakuna «pole». Wanafunzi wengi nawajua walioacha hapo hapo, siku waliona ile idadi. Ni kasoro ya kweli. Ile mashine ilifikiriwa kwa mtu ambaye kila siku yake inafanana na jana yake.

Dawa yake iko, lakini hakuna anayewaambia wale wanaopewa faili bila maelezo. Usifute. Funga kadi mpya, weka mpaka wa kurudilia, tuseme 80 kwa siku, na acha deni lipunguke polepole. Programu inaruhusu, ni ndani ya mipangilio. Kadi ambazo ulikuwa umezishika vizuri utashangaa, nyingi bado ziko. Ebbinghaus alionyesha kama hata kile unachofikiri kimepotea, kukijifundisha mara ya pili kunaomba kazi ndogo.

Ao rudi ku sanduku la Leitner. Mimi njo napenda zaidi, na wacheke wenye simu nzuri. Karatasi moja ya A4 inakatwa fishi nane. Upande usioandikwa wa silabusi za zamani unatosha. Karatasi 25 ni fishi 200. Kartoni ya maziwa ya unga, vyumba vitano. Fishi mpya zinakaa chumba cha kwanza, unazipitia kila siku. Uliyojua inahamia cha pili, kinachofunguliwa kila nyuma ya siku mbili, kisha cha tatu nyuma ya siku nne, na hivyo hivyo unazidisha mara mbili. Uliyokosea, hata kama ilikuwa chumba cha tano, inarudi cha kwanza. Haiombi umeme wala mega, na hakuna mtu wa bariere atakayekunyang'anya kartoni ya maziwa. Tena, kwa kuwa kuandika fishi moja kunachosha mkono, hautaandika 25,000. Utachagua. Ule uchovu wa mkono unakulazimisha kuuliza: hii kweli nitaihitaji?

Wengine wataniambia kuandika kadi zako mwenyewe kunakula wakati, na wakati hakuna. Ni kweli kunakula. Lakini mu kuandika njo unagundua hauelewi. Mdogo wangu alipojaribu kuandika fishi ya konzo, alikwama ku swali dogo: kwa nini siku za kuloweka? Akanipigia simu. Tulizungumza nusu saa juu ya namna maji yanalainisha muhogo na sumu inatoka, na kwa nini familia iliyokimbia, yenye muhogo wa kuchimba usiku mu shamba la wengine, haina zile siku tatu. Fishi yenyewe ilikuwa mistari miwili tu.

Sasa wako watano ku kartoni moja, watatu wa Masisi na wawili wa Walikale. Kanuni zao ni chache. Kila fishi iko na mwezi na mwaka nyuma yake, na mahali jibu lilitoka: kitabu gani, maongozi ya wizara ya mwaka gani, ao sauti ya daktari gani wa sitaji. Fishi yenye kupita miaka miwili inasomwa upya na kitabu mkononi kabla ya kuingia tena. Swali linaandikwa kama mgonjwa anavyolisema, si kama kitabu: «Tumbo inanikata tangu jana na ninaharisha maji kama ya mchele,» kisha jibu kwa Kifaransa, juu mtihani uko kwa Kifaransa. Wawili wanajua Kihunde, mmoja Kinyarwanda, wanaongeza pembeni namna mama mzee wa kwao angesema «ninapumua kwa shida». Hilo neno halimo mu faili ya mtu yeyote, na saa nane ya usiku njo litakuja la kwanza.

Wiki iliyopita walifika fishi 640. Mbili kati yao niliziandika mimi, zote za muhogo, na moja wameshaikataa: wanasema jibu ni refu mno, niikate mara tatu. Nitaikata Jumamosi.